Mabwawa ya Samaki na Kiangazi katika Milima ya Masisi

Kambamiti, wale kamba wa baharini wanaofugwa katika mabwawa ya maji yenye chumvi, hawana historia katika Burungu, kijiji cha usultani wa Bashali kilicho kwenye njia ya kutoka Sake kwenda Kitchanga katika wilaya ya Masisi, jimbo la Kivu Kaskazini, kwa sababu bahari iliyo karibu zaidi ni ile ya Hindi, umbali wa zaidi ya kilomita elfu moja, na pwani fupi ya Kongo yenyewe iko upande wa pili kabisa wa nchi. Hata hivyo, swali linaloulizwa kuhusu wafugaji wa pwani, yaani ni kwa njia gani miezi isiyo na mvua humpunguzia kipato mtu anayetegemea bwawa, lina mahali pake pia katika mabonde ya Kivu, ambako mabwawa ya samaki yalianza kuchimbwa katika zama za utawala wa Wabelgiji. Jibu lake ndilo linalotofautiana. Pwani, kama ilivyoonekana Ngomeni kaskazini ya Malindi, ambako serikali ya Kenya pamoja na Umoja wa Mataifa walijaribu ufugaji wa kambamiti kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970, jua la kaskazi hukausha maji ya bwawa na kuzidisha chumvi, jambo linalomfurahisha mwenye mashamba ya chumvi ya jirani na kumtia hasara mfuga kamba. Milimani hakuna chumvi ya kuzidi. Kiangazi huja na usiku wa baridi, vijito vyembamba, na wakulima wengi wanaoyataka maji yaleyale.

Milima ya Masisi iko kusini kidogo tu ya ikweta, na sehemu kubwa ya nchi inayoizunguka Burungu ina kimo cha mita 1,600 hadi zaidi ya 2,000 juu ya usawa wa bahari. Mvua hunyesha katika misimu miwili, mmoja kuanzia Septemba hadi Desemba au Januari, mwingine kuanzia mwisho wa Februari hadi Mei, na baina yake kuna vipindi viwili vikavu ambavyo wasemaji wa Kinyarwanda, walio wengi katika eneo hilo, huviita urugaryi, yaani kiangazi kifupi cha Januari na Februari, na impeshyi, yaani kiangazi kirefu cha Juni hadi Agosti. Kiangazi kirefu si ukame kwa maana wanayoijua watu wa nyanda kavu za Kenya au Tanzania, maana ukungu bado hutanda asubuhi na manyunyu huweza kuanguka hata Julai. Ukiteremka magharibi kuelekea Walikale, ambako nchi hushuka hadi chini ya mita 1,000 na kuingia katika msitu mkubwa, tofauti ya misimu hufifia kiasi kwamba mvua hukosekana kwa majuma tu, wala si kwa miezi. Hivyo wilaya hizi mbili jirani, ambazo utawala na vita vimezifunga pamoja mara nyingi, zina viangazi viwili visivyofanana, na historia ya mabwawa haieleweki bila kuitenga Masisi na Walikale katika jambo hili.

Katika jamii za msitu wa Kongo, majuma makavu yalikuwa wakati wa kupata samaki, si wa kuwakosa. Maji ya kijito yakipungua, wanawake walikiziba kwa udongo na matawi, wakayachota maji yaliyobaki kwa vikapu na vyombo vingine hadi samaki, kaa na uduvi wa maji baridi wakabaki kwenye matope, na mavuno hayo yaligawanywa au kukaushwa siku hiyohiyo. Milimani hali haikuwa hivyo, kwa sababu mito ya juu ni ya kasi, ni ya baridi, na ina samaki wachache wadogo. Hata maziwa ya eneo hili, yaliyozaliwa pale lava ya volkeno ilipoyaziba mabonde ya mito ya zamani, hayakuwa na utajiri mkubwa wa aina za samaki. Ziwa Kivu lenyewe ni maskini wa aina hizo likilinganishwa na Tanganyika. Sambaza, dagaa anayeuzwa leo katika kila soko kuanzia Goma hadi Kitchanga kana kwamba amekuwapo tangu enzi za mababu, ni mgeni aliyeletwa kutoka Ziwa Tanganyika kati ya mwaka 1958 na 1960. Kitoweo cha asili cha Wahunde, wenyeji wa Masisi waliotawaliwa na wami wao kabla ya mkoloni, kilikuwa cha shamba, mifugo na uwindaji zaidi kuliko cha maji.

Ndiyo maana bwawa la samaki liliingia Kivu likiwa kitu cha serikali. Majaribio ya kwanza ya kufuga tilapia katika Kongo ya Wabelgiji yalifanyika katika miaka ya 1930, lakini kazi yenyewe ilipamba moto baada ya Vita vya Pili vya Dunia, na kitovu chake kilikuwa Katanga, si Kivu. Mwaka 1949 wataalamu wa Ubelgiji na Uingereza walikutana Elisabethville, Lubumbashi ya leo, katika mkutano wa ufugaji samaki, na katika kipindi hichohicho kituo cha utafiti cha Kipopo, karibu na mji huo, kilianza kuchunguza namna ya kuwazalisha na kuwalisha tilapia wa aina mbili, mmoja anayekula vijimea vidogo sana vinavyoelea majini na mwingine anayekula majani, ambao waliwekwa pamoja ili bwawa lisipoteze chakula. Mtaalamu wa Ubelgiji Marcel Huet alizunguka Kongo na Ruanda-Urundi akikagua kazi hiyo, na mwaka 1957 alichapisha ripoti juu ya miaka kumi ya ufugaji samaki katika nchi hizo. Makoloni jirani yalikwenda sambamba: Kenya ilikuwa na vituo vya Sagana na Kiganjo kuanzia mwaka 1948, Tanganyika ilifanya majaribio Korogwe na Malya, na Uganda ikafungua kituo cha Kajjansi.

Hakuna koloni la Afrika ya kati na mashariki lililochimba kwa wingi kama Kongo. Katika muongo wa mwisho wa ukoloni, ambao ulikuwa pia muongo wa mpango wa maendeleo wa miaka 10 uliotangazwa mwaka 1949, mabwawa yaliyohesabiwa nchini yalizidi 120,000, na ukubwa wake kwa jumla ulikuwa karibu hektari 4,000. Hesabu hizo mbili zikigawanywa, bwawa moja linakuwa na wastani wa ari 3 hivi, ari moja ikiwa ni mita za mraba 100, yaani eneo lisilozidi uwanja wa nyumba kubwa. Bwawa la ari 3 likitoa mavuno ya tani 1 kwa hektari kwa mwaka, kiwango ambacho mfugaji mwenye mbolea na uangalifu hukifikia katika maji ya joto, humpa mwenyewe kilo 30 tu za samaki. Hesabu hiyo ndogo inastahili kukumbukwa, kwa sababu taarifa za maofisa zilijivunia idadi ya mashimo yaliyochimbwa, ilhali kilichomhusu mwanakijiji kilikuwa kilo ngapi zilitoka na katika mwezi gani.

Uchimbaji wenyewe haukuwa wa hiari sana. Tangu mwaka 1917 sheria iliruhusu utawala kuwalazimisha wanavijiji kufanya kazi za kilimo kwa siku hadi 60 kwa mwaka, kazi zilizopewa jina la kupendeza la kazi za kuelimisha, na mazoea ya kuamrisha yaliyojengwa na sheria hiyo yaliingia pia katika mabwawa. Masisi ilikuwa na mzigo wake wa ziada. Kuanzia mwaka 1937 hadi 1955 serikali iliendesha mpango wa kuwahamishia huko watu kutoka Rwanda, ambao idadi yao hukadiriwa kuwa 85,000 hivi, na ikaunda kwa ajili yao usultani wa Gishari juu ya ardhi ya Wahunde, usultani ambao iliufuta yenyewe mwaka 1957. Wakati huohuo, mashamba makubwa ya walowezi, ya chai, kahawa, pareto na mifugo, yalijitwalia miteremko mizuri. Matokeo yake ni kwamba bonde lenye maji, lililoachwa zamani kwa ajili ya nyasi za kuezekea na malisho ya dharura, lilianza kuwa ardhi adimu. Bwawa lililoamriwa na ofisa lilikaa juu ya ardhi ambayo mwami aliihesabu kuwa yake, mhamiaji aliihesabu kuwa aliyopewa, na mlowezi aliihesabu kuwa pembeni ya hati yake.

Pamoja na hayo, mafundisho yaliyotoka Kipopo yalikuwa ya Katanga. Huko nako kuna kiangazi, tena kirefu kuliko cha Kivu, na usiku wa Juni na Julai una baridi kali. Lakini kuanzia Septemba joto hupanda upesi, samaki waliosinzia huamka, na miezi ya kukua hulipa fidia ya miezi iliyopotea. Masisi haina fidia hiyo. Jua la mchana wa kiangazi hupasha maji ya juu, kisha anga lisilo na mawingu huliachia joto lote usiku, na msimu wa mvua unaofuata huja na mawingu yanayolizuia jua. Tilapia wa Mto Nile, aina iliyochukua nafasi ya zile mbili za Kipopo katika mabwawa mengi baadaye, hazai maji yakiwa chini ya nyuzi 20 hivi za selisiasi, na yakikaribia 16 huacha kula. Katika bwawa la bonde la Walikale hali hiyo haitokei kamwe. Katika bwawa la juu ya Kitchanga ni jambo la kawaida la Julai alfajiri. Baridi ina faida moja ambayo wataalamu wa nyanda za chini huisahau, nayo ni kwamba huzuia tilapia kuzaana ovyo na kujaza bwawa vifaranga vilivyodumaa, lakini faida hiyo humfikia yule tu anayeweza kusubiri.

Baada ya uhuru wa mwaka 1960 mabwawa mengi yaliachwa. Maelezo ya kawaida, kwamba watu walikataa kazi ya mkoloni, yana ukweli, lakini si ukweli wote. Mabwawa ya kulazimishwa yaliyolipa hayakuachwa kwa urahisi kama yasiyolipa, na yaliyokuwa ya baridi ndiyo yaliyolipa kidogo zaidi. Katika Masisi kuna sababu nyingine: vita vilivyoitwa vya Kanyarwanda, kati ya mwaka 1963 na 1965, viliwatawanya watu wa mabonde. Chini ya Mobutu kazi ya lazima ilirudi kwa jina la salongo, na wakati mwingine ilitumika kusafisha mifereji, lakini ufugaji samaki uliofufuliwa kwa msaada wa vijana wa kujitolea wa Kimarekani kuanzia miaka ya 1970 ulijikita katika Bandundu na Kasai, nchi za joto. Somo lililowahusu watu wa Masisi lilitolewa ng'ambo ya mpaka. Rwanda, nchi ya milima kama wao, ilianza mwaka 1983 mradi wa mabwawa ya vijijini wenye makao yake Kigembe, na chuo kikuu cha Butare kilifanya uchunguzi katika kituo cha Rwasave, ambako ilidhihirika kwamba kadiri bwawa linavyopanda mlimani ndivyo miezi ya kungoja mavuno inavyoongezeka, hata chakula na mbolea zikiwa zilezile.

Kupungua kwa maji kunaweza kuelezwa kwa hesabu nyepesi. Uvukizi, yaani maji yanayopaa hewani kwa jua na upepo, ukiwa milimita 4 kwa siku, bwawa hupoteza sentimita 36 katika siku 90 za kiangazi kirefu, na bwawa la kijijini kwa kawaida lina kina cha sentimita 60 hadi 100 tu. Kwa hiyo jua peke yake lingeweza kulipunguza kwa theluthi moja au zaidi, kabla ya kuhesabu yanayonywewa na ardhi, ambayo katika udongo wa volkeno wenye vinyweleo vingi huwa mengi kuliko yanayopaa. Kijito kikiendelea kutiririka, upungufu huo hufidiwa bila mtu kuutambua. Kikikatika, samaki hubanana katika maji machache yaliyosheheni mbolea. Hapo hutokea madhara ambayo mfugaji mgeni hudhani ni ugonjwa: samaki huja juu alfajiri wakihema, kwa sababu majani na samadi zinazooza zimekula hewa ya oksijeni iliyoyeyuka majini usiku kucha. Tiba yake ni kuacha kutia mbolea, lakini mbolea ndiyo chakula cha samaki wa maskini, hivyo kuiacha ni sawa na kuwafungisha samaki mpaka mvua irudi.

Hata hivyo, anayekikata kijito kwa kawaida ni jirani, si jua. Kilimo cha Kivu kina misimu inayoitwa kwa herufi: A kuanzia Septemba, B kuanzia Februari au Machi, na C, msimu wa kiangazi, ambao hulimwa mabondeni peke yake kwa kuwa huko tu ndiko udongo unabaki na unyevu. Katika msimu C, kabichi, vitunguu, viazi na maharagwe ya bondeni huuzwa wakati ambapo miteremko haitoi kitu, na bei yake humvutia kila mwenye jembe. Kitanda cha kabichi hakihitaji maji mengi, lakini vitanda mia moja vilivyo juu ya bwawa huyamaliza. Mwenye kabichi huvuna baada ya miezi mitatu, mwenye samaki baada ya minane au zaidi. Wote wawili wakienda mbele ya chifu wa kijiji kudai mkondo, yule anayelipa kodi ya bonde mapema ana hoja nzito kuliko yule anayeahidi kulipa baada ya mavuno. Historia ya ardhi ya Masisi, ambayo baada ya sheria ya ardhi ya mwaka 1973 iliruhusu mashamba mengi ya walowezi kupita mikononi mwa watu wakubwa wa siasa na biashara, iliwabana wakulima wadogo mabondeni, na msongamano huo ndio unaokipa kiangazi ukali usiolingana na hali ya hewa.

Soko nalo lina kiangazi chake. Barabara ya udongo kati ya Sake na Kitchanga, ambayo wakati wa masika huyameza magari katika potopoto, hukauka Juni, na magari ya wafanyabiashara hufika yakitafuta maharagwe, viazi na jibini ya Masisi inayopendwa Goma. Ingetarajiwa kwamba mwenye samaki angefaidika kwa ujio wao, lakini barabara hupitisha bidhaa pande zote mbili: gari lililopakia viazi kwenda Goma hurudi na sambaza waliokaushwa, makayabo, yaani samaki wa chumvi, na samaki wa barafu waitwao thomson, walioagizwa kutoka ng'ambo. Tilapia wa bwawa la baridi, ambaye mara nyingi hana uzito wa gramu 150, hushindana nao kwa ubichi wake tu. Bei yake huwa nzuri zaidi katika miezi ya matope, pale bidhaa za Goma zinapokwama, ingawa kwa wakati huo mwenye bwawa hana haraka ya kuuza. Haraka humjia mwishoni mwa Agosti, kwa kuwa shule hufunguliwa Septemba, na ijapokuwa elimu ya msingi ilitangazwa kuwa ya bure mwaka 2019, shule za sekondari bado zinadai karo. Samaki waliokonda kwa miezi mitatu huvuliwa basi katika siku ambazo ni wepesi kuliko wakati wowote wa mwaka.

Vita vimeubadilisha uamuzi huo kuwa mgumu zaidi. Machi 1993 mapigano yalianzia soko la Ntoto, wilayani Walikale, yakaenea Masisi na kuua maelfu ya watu. Mwaka uliofuata wakimbizi wa Rwanda walimiminika Kivu. Mwaka 1996 hata watawa wa Mokoto, ambao nyumba yao ilianzishwa mwaka 1954 kando ya maziwa yenye jina hilo, si mbali na Burungu, walilazimika kuondoka baada ya waliokimbilia kwao kuuawa. Kitchanga na vijiji vyake vimeshikwa na vikundi mbalimbali tangu wakati huo, na mwishoni mwa Januari 2023 mji huo uliangukia mikononi mwa waasi wa M23. Katika vita ng'ombe huswagwa kwenda kwingine, maharagwe hubebwa kichwani, lakini bwawa hubaki palepale, na mtu yeyote mwenye jembe anaweza kulitoboa ukingo usiku mmoja akaokota samaki asubuhi. Ndiyo sababu wengi huvua mapema, wakiwa na nusu ya uzito, hata pale kijito kinapotiririka vizuri. Hasara hiyo huandikwa katika jina la kiangazi kwa kuwa hutokea katika miezi ileile, barabara zinapokauka na wenye silaha nao wanapopita kirahisi.

Wanaodumu katika kazi hii milimani wamejifunza kutoipigania Julai. Huweka vifaranga mwezi wa Septemba au Oktoba, mvua ikishajaza mkondo, huwalisha majani ya magimbi, pumba za mtama na mabaki ya pombe ya ndizi kupitia urugaryi, ambao ni mfupi na wenye joto, na huvua mwishoni mwa Mei, kabla maji hayajapoa na vitanda vya kabichi havijaanza kunyweshwa. Fedha ya Mei ni lazima isubiri karo ya Septemba, jambo ambalo katika nyumba nyingi haliwezekani bila kuigeuza kuwa mbuzi au gunia la maharagwe. Kwa kuwa vifaranga vya Septemba havipatikani kwa urahisi mahali ambapo vituo vya serikali vya kuzalisha havifanyi kazi, mfugaji mwenye nafasi huchimba shimo la pili, dogo kuliko lile la kwanza lakini lenye kina cha mita moja na nusu, karibu na chemchemi, ambamo tilapia wazazi kadhaa hukaa kiangazi kizima bila kuzaa wala kunenepa. Asiye na shimo hilo hununua vifaranga kwa mwenzake mwezi wa Oktoba, mara nyingi kwa mkopo wa samaki watakaovuliwa Mei.